Ubeti Niliokunyima

Kwa Baba,

Nakusalimu kutoka huku Uingereza, nikitumaini mgongo umekupa nafasi na baridi ya asubuhi ya Elburgon haikuzuii kutoka. Mimi ni mzima. Kila nikipiga simu, kaka Kamau ananiambia umeenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe ni mmoja, Baba, na haangaliwi hivyo. Ndiyo maana naandika, na barua naipa mwenzangu wa kazi anayekuja Nakuru kwa likizo.

Najua bado ni ile Krismasi ya mwaka jana. Kwenye kwaya yako ulinipa ubeti wa kuimba peke yangu mbele ya kanisa, viza ikatoka, nikaondoka wiki mbili kabla ya siku yenyewe bila kukuaga. Niliogopa utanikataza.

Kazi yangu ni kuosha na kulisha wazee kwa nyumba ya kuwatunzia. Jumanne jioni naenda kwaya ya kanisa lililo karibu. Tulikuwa na mazoezi ya konsati ya Krismasi: nyimbo za zamani sana, za Kilatini, zisizo na kinanda, halafu zile za Krismasi tunazozijua sisi wote. Shida ilikuwa vitabu. Vina noti za kuchorwa kwa mistari, na mimi najua tu do-re-mi ulizokuwa ukituandikia ubaoni. Sikusema. Nilipeleka kitabu nyumbani nikaandika do-re-mi zangu kwa penseli juu ya kila noti, ukurasa baada ya ukurasa.

Kumbe vitabu ni vya kukodi, vinarudishwa vikiwa safi. Bi Helen, mama mzee anayetufundisha, alifungua changu mbele ya watu wote.

"Wambui, hii ni nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba noti siwezi kusoma, baba yangu alitufundisha hivi. Nilishaanza kutafuta koti langu. Akasema, "Basi imba hizo zako." Nikaimba do-re-mi toka mwanzo hadi mwisho. Halafu akabonyeza kinanda kuangalia kama sauti imeshuka. Haikuwa imeshuka hata kidogo. Akasema mimi ndiye nitafungua konsati, peke yangu, nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha akanipa raba. Nilifuta hicho kitabu siku mbili.

Konsati ilikuwa Jumamosi. Nilipomaliza ubeti wangu hakuna aliyepiga makofi, wala kigelegele hata kimoja, nikajua nimeharibu. Kumbe huku wanangoja mpaka nyimbo zote ziishe. Baadaye watu walinishika mkono wakanishukuru sana. Lakini Baba, sikufurahi vile nilidhani nitafurahi. Wewe ndiye ulinifundisha kuimba, na wewe nilikunyima ubeti mmoja, nikaja kuwapa watu ambao hata majina yao siyajui. Kuja huku si kosa. Kutokuaga ndiyo kosa langu, na ninaomba unisamehe.

Nisalimie bibi yangu, Shosho Wangari, mwambie dawa asiruke. Salimia mke wa Kamau na mtoto, na wote wa sauti ya kwanza, hata yule aliyechukua nafasi yangu.

Siku ya Krismasi, mkitoka kanisani, nitapiga simu ya Kamau. Ukiishika, huna haja ya kusema kitu. Nitaimba ule ubeti wa mwaka jana, wote. Nikikosea mahali, unikatize.

Ni mimi msichana wako,
Wambui