Shule Sita za Ng'ambo ya Mto

Jumanne, tarehe 14 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini u mzima na kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo, ila Mama anauliza kama bado unalala na soksi zilizolowa, maana anakujua. Leo nimeapa kukuambia yote, hata yanayoniaibisha, ndiyo maana barua hii sikuipitisha kwa wakaguzi wa posta, nimempa mkononi dereva wenu aliyekuja kuchukua vipuri.

Unajua kwamba baada ya masomo ninafanya kazi katika chumba cha magazeti ya adui, kwa kuwa Mama alitufundisha lugha ya kwao. Mkuu wetu, tunayemwita Miwani, alikuwa mwalimu wa jiografia. Husema kwamba jenerali hudanganya, lakini tangazo la mwoka mikate halina sababu ya kudanganya. Basi tunasoma matangazo, vifo na ratiba za treni, naye anapima adui ana nguvu kiasi gani na anakusudia nini. Mimi ananiita Afande Rula, kwa jinsi ninavyopiga mistari.

Wiki mbili zilizopita, gazeti la mji unaotazamana na daraja lenu liliandika kwamba shule zote sita zimefungwa hadi tarehe ishirini. Kaka, niliwaonea wivu! Nilimwambia dada wa meza ya pili kwamba heri yao, sisi tuna mtihani wa hesabu. Akanijibu kwamba nihamie huko basi, nipate likizo na mabomu juu. Tukacheka, nami nikalitia gazeti kwenye kapu la mambo madogo. Kesho yake Miwani akaandika ripoti kwamba ng'ambo ya daraja lenu hakuna askari wapya wa adui. Nawe katika barua yako ya mwisho ukatuambia kwa furaha kwamba wenzenu wamehamishwa, mmebaki tisa tu darajani, na mnalala vizuri.

Jana likaja toleo jingine. Meya anawashukuru wazazi kwa kuhifadhi madawati majumbani mwao. Nililisoma mara tatu. Kwa likizo hakuna anayetoa madawati. Hutolewa ili askari wapate pa kulala. Madarasa hayapungui arobaini, na watoto wanarudi tarehe ishirini. Kwa hiyo wageni hao watakuwa wameshaondoka, na njia yao ni hapo mlipo.

Leo asubuhi nilikiri kosa langu kwa Miwani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kosa ni lake, kumpa mwanafunzi tangazo la kufungwa shule, kisha akapanda ngazi mbilimbili kwenda kwa wakubwa. Aliporudi alisema wamesikia na watalifikiria. Watalifikiria, Kaka!

Mama sijamwambia, anaona tu kwamba sahani yangu hairudi tupu. Anakusalimu sana, na majirani pia. Nisamehe. Dereva atarudi huku keshokutwa, nami nitamngoja langoni kuanzia saa nne. Nijibu hili moja tu: mmeongezewa watu, au bado mko tisa?

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku