Karatasi Niliyoirusha Kwenye Grupu la Ukoo

Baba Magesa, mume wangu,

Nakusalimu, na mguu wako nausalimu pia, maana nasikia umeanza kulima kabla haujapona. Mimi huku Dodoma nipo mzima. Wanafunzi wanasema tangu shule hii ianze hajaja mpishi wa maharage kama mimi, na hawakosei.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu sitaki kuiona. Magesa amenitoa kwenye grupu la ukoo, na ana haki.

Unajua alikuja kwangu apasuliwe ile ngiri kabla ya ndoa. Daktari akasema kwanza apigwe utrasaundi. Mimi unanijua, mtoto wangu akipimwa kwa mashine ya kisasa siwezagi kukaa kimya. Karatasi ya majibu ilipotoka nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu: “Oneni vipimo vya kijana wetu, mambo ya Dodoma hayo.” Ilikuwa Kiingereza, sikuisoma. Aliyeisoma ni mdogo wako Wambura, mwalimu mstaafu asiyeweza kuona Kiingereza akakiacha kipite. Hata daktari hajatuita, sauti ya Wambura imeshafika kwa watu wote, Butiama mpaka Kiriba: “Ndugu zangu, hapa wanasema kijana ana kizazi cha mwanamke.”

Nikawaambia wamebadilisha karatasi. Nikasumbua mpaka wakampima tena, nami nimesimama pembeni. Nimezaa sita, Baba Magesa, picha ile naijua. Kilikuwepo, kidogo, kimejificha nyuma ya kibofu.

Daktari akasema, “Mama, punguza ukali. Mwanao ni mwanaume. Tumboni mwa mama wote tunaanza na njia zote mbili, ya kiume na ya kike, kwake ya kike haikufutika. Ndiyo maana korodani moja haikushuka.” Unakumbuka mama yako alisema itashuka akianza kukimbia? Alikimbia akashinda shule nzima, na haikushuka.

Magesa hakumuuliza daktari kitu. Alinigeukia mimi. “Mama, umeituma kwa nani?” Mwili wake mwenyewe, na ukoo umejua kabla yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nasikia umemkubalia Wambura kikao Jumamosi. Kikao cha nini? Eti ndoa isimame, eti rika lake waambiwe, eti urithi wa mji wetu apewe mdogo wake. Siku ya jando ulikuwepo. Nani alisimama bila kupepesa jicho? Na nani alilia mpaka ng'ombe wakageuka kuangalia? Mtoto wa Wambura. Hakuna aliyemwitia kikao.

Kuhusu Neema, mchumba wake, Magesa alikataa kumtuma mtu. Alipanda basi mwenyewe mpaka Bunda, akamkuta kwenye cherehani yake. Akamweleza yote. Neema akamwambia, “Nilisikia siku ileile. Mama yako aliniingiza kwenye grupu tangu Krismasi, anisifie kwa ndugu, umesahau? Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja wewe au atakuja mjumbe.” Kisha akauliza kama watapata watoto. Magesa akamwambia ukweli, daktari hajui mpaka apime zaidi.

“Basi tutapima,” akasema, akaendelea kushona. Alichokuwa anashona, Baba Magesa, ni suruali ya harusi ya Magesa.

Kwa hiyo hicho kikao kifute. Mtu akiuliza, sema kijana ana ngiri, atapasuliwa, na ndoa iko palepale. Mengine ni yake mwenyewe kusema, si yako wala yangu.

Na mimi najifunza. Jana mpishi mwenzangu kaniuliza, “Mama Magesa, yule kijana wako vipimo vilitokaje?” Mdomo ukafunguka, nikaufunga. Nikasema, “Vizuri,” nikakoroga uji. Ulikuwa umeshaiva, lakini niliukoroga tu.

Msalimie mama mkwe, mwambie wale samaki furu wakavu alionitumia wamefika na nimewala peke yangu. Msalimie kitinda mimba wetu, asome. Msalimie na Wambura, ni shemeji yangu, lakini barua hii asiione. Hii ni ya Kiswahili, haina haja ya kutafsiriwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Magesa