Fulana Uliyoniomba

Mama,

Nimechoka. Watu wameenda zao, viti na hema vimerudishwa, na hapa Kitengela upepo wa Julai bado unapita chini ya mlango. Kila anayenipigia simu ananiambia nijikaze. Nimejikaza mpaka mgongo unauma.

Jumamosi Tata alikuja tupange nguo zako. Unamjua dada yako, hawezi kukunja nguo bila kuinusa kwanza. Chini kabisa ya sanduku akatoa kitu cha kijivu, kizito, kisicho na mikono, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Akaniuliza, "Na fulana yake? Mbona hukumvalisha na alikuwa na baridi hivyo?"

Nikakaa kitandani.

Ile wiki yako ya mwisho uliniambia, "Niletee fulana yangu, niko na baridi ya kifua." Nikakuletea ile nyeupe ya pamba. Ukasema, "Hii si fulana." Nikacheka, Mama. Nikaining'iniza mbele yako: "Sasa kama si fulana ni nini? Ama ni suruali?" Nilidhani ugonjwa umeanza kukuchanganyia maneno. Ukanitazama, ukainua mikono nikuvalishe. Hukuomba tena.

Nimeibeba hiyo ya kijivu mpaka Kajiado, kwa yule fundi mzee aliyekushonea nguo ya kanisa. Akaisugua kwa vidole, akasema ni sufu tupu. Akanieleza kwamba neno fulana tulilitoa kwa Kiingereza, kwa flaneli, kitambaa cha sufu cha kuvaliwa ndani wakati wa baridi. Waingereza nao, inasemekana, walilipata kwa majirani zao wa Welisi, kutoka kwa jina lao la sufu. Baadaye pamba ikaja ikachukua jina, na sufu ikasahaulika. "Mamako alikuwa anaongea ile ya zamani," akasema. "Usijilaumu."

Ni mpole, huyo fundi. Lakini hukuwa umechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na ningeuliza tu, "Gani, Mama?" Sanduku lilikuwa chini ya kitanda hicho hicho ulicholalia.

Leo hata nguvu ya kulia sina. Fulana yako nimeifua kwa maji baridi, nikaianika kivulini. Mjukuu wako Wanjiku ameanza kukohoa. Jana nilimwambia avae fulana, akaja amevaa ya pamba, na alikuwa sawa kabisa, maana ndiyo fulana anayoijua. Nikamvalisha yako juu yake. Inamfika magotini, na analalamika inawasha. Nimemwambia ni ya cucu, nyanya yake, na nimemwambia inaitwaje.

Pumzika huko Isinya tulikokuzika, Mama. Nakuahidi, mtu akiniomba kitu nisichokielewa, nitauliza kabla ya kucheka.

Pole kwa baridi.

Binti yako