Vidukari vya kunde vimemliza Bibi

Moza rafiki yangu, nimemliza Bibi Biasha. Bibi yangu, Moza! Sijui nifanye nini.

Tulikuwa shambani hapa Mnero. Mvua imekata, jua kali, kunde zimejaa vidukari, vile vidudu vyeusi. Nikamtania, "Bibi, si ni vidudu tu?"

Akakaa chini palepale. Akasema, "Vilimwondoa Swalehe."

Swalehe ni mdogo wake, Moza. Sijawahi kumsikia hata siku moja!

Anasema ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, naye binti mdogo. Mvua ilikata hivihivi, kunde zikiwa kwenye maua. Vidukari vikatanda mpaka mashina yakawa meusi. Mama yao akamwaga majivu, akavipangusa kwa vidole kutwa nzima. Kulipokucha vimejaa tena.

"Mama alikuwa anatazama juu tu. Mvua moja kubwa ingeviosha vyote."

Na mvua ilikuja. Moza, ilikuja! Ila maua yalishapukutika. Wakavuna maganda machache, tena matupu, wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni. Swalehe ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Hakufika msimu uliofuata.

Nikasema, "Pole, Bibi." Pole!

Nikamuuliza alifananaje. Akafikiri sana.

"Sura yake imenitoka, mjukuu wangu."

Hapo ndipo alipolia. Mpaka sasa amekaa kwenye udongo, hataki kuinuka, na mimi nimesimama kando yake nakuandikia wewe.