Mtandio wa Stella

Jumapili, DeSoto, pembeni mwa Dallas. Joto la leo halina adabu. Jua linazama na lami bado inachoma, na mimi nimekaa sebuleni na masufuria ya watu ambayo sijui nitayarudisha kwa sura gani.

Niandike sasa hivi, maana nikilala nitaamka nimeshajidanganya.

Jana niliendesha gari hadi Houston kumwona mwenzangu. Mnaosoma hapa siku zote mnajua kwamba mume wangu yuko Houston kikazi. Ndivyo tulivyowaambia watu wote. Kazi ipo kweli, lakini si kazi iliyompeleka. Tangu mwaka jana anaishi Missouri City, kitongoji cha hapo hapo Houston, amebadili jinsia, na sasa anaitwa Stella.

Bado nampenda. Naliandika hilo waziwazi ili baadaye nisijifanye sikulisema.

Tulipanga kwenda sinema kuangalia filamu inayohusu mambo kama yetu, mtu na mkewe, na yule mume anakuwa mwanamke. Filamu ikiisha tungeamua: arudi nyumbani akiwa Stella, mbele ya kila mtu, au tuachane kwa heshima. Wazo lilikuwa lake. Alisema kama sisi tumeshindwa kuanza mazungumzo, basi wengine watuanzie.

Filamu yenyewe ni ya madoido matupu. Kila chumba kina rangi moja, watu wanateleza badala ya kutembea, na mvua inanyesha ndani ya nyumba bila kumlowesha mtu. Mke anapaka ukuta rangi ya bluu, anapaka na kupaka, na akigeuka mumewe ni mwanamke na wanacheza muziki jikoni. Hakuna jirani anayepiga hodi. Hakuna shangazi anayepiga simu kutoka Morogoro. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na Stella akanishika mkono gizani. Mkono ni uleule. Lile kovu la kisu alichojikatia akimenya nanasi bado liko kwenye kidole gumba.

Hapo nikawa nimeshaamua. Nilikuwa nitamwambia arudi, ya watu tutajua mbele ya safari. Nilikuwa nasubiri tu tufike kwenye gari.

Taa zilipowaka akatangulia kutoka. Alivaa gauni la kijani, na alipendeza, nasema hivyo kwa wivu kidogo kwa sababu gauni kama lile mimi lisingenikaa. Nikaona mtandio wake umebaki kwenye kiti. Nikauchukua nikamfuata mbio hadi kwenye korido iliyojaa watu, nikamwita kama nilivyomwita tangu mtoto wetu azaliwe.

"Baba Tunu, umesahau mtandio wako."

Sijawahi kumwita mtu huyu kwa jina. Hata lile la zamani sikuwahi. Nilivyolelewa mimi, mke hamwiti mumewe jina, na Tunu alipozaliwa tukapumzika kabisa. Yeye akawa Baba Tunu, mimi Mama Tunu, ikatosha. Tunu mwenyewe yuko chuo sasa na anamwita Stella bila shida yoyote. Mimi miezi yote hii nimekuwa namwita "wewe" na "sikia".

Kwa Wamarekani pale koridoni ilikuwa kelele tu, hakuna aliyeshtuka. Lakini kwenye foleni ya bisi alikuwepo Mama Glory, amewaleta wajukuu kuangalia katuni. Huyu ni mwenyekiti wa akina mama wa ibada ya Kiswahili kule Houston, na mdogo wake nasali naye huku. Akageuka kuangalia nani anaita. Hilo ningelimaliza. Ningesema namwita mtu aliyetangulia nje.

Ila Stella naye aligeuka.

Mama Glory alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni. Kisha akatusalimia sote wawili kwa upole, akauliza habari za Dallas, akasema joto limezidi mwaka huu, akawakusanya wajukuu zake. Hakuuliza chochote. Kwa jinsi ninavyomjua, asipouliza ujue ameshapata jibu.

Kwenye maegesho Stella hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliegemea mlango wa gari langu, ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Nime-try sana, Mama Tunu," alisema. "Ukiniita vile nageuka kabla hata sijafikiri. Nikikaa na wewe nitageuka mpaka nife."

Nilimwambia nitajifunza. Akasema anajua nitajifunza, lakini hana nguvu ya kunisubiri. Akaniomba nisije tena. Akanibusu shavuni kama wanawake wanavyoagana, akaondoka kabla sijalitoa lile neno la kurudi nyumbani. Mtandio nikaja nao.

Leo sikwenda ibadani. Ibada ikanifuata. Mchana walifika akina mama wa huku, mdogo wake Mama Glory akiwa mbele, na masufuria, pilau, maharage ya nazi, chapati zimefungwa kwenye taulo. Wakasogeza makochi ukutani, wakakaa kwenye zulia na khanga zao kiunoni. Mmoja akaingia jikoni kupika chai bila kuuliza majani yako wapi. Nimekaa hivyo kwenye nyumba za wengine mara nyingi, naujua utaratibu. Ndivyo tunavyokaa msibani.

Hakuna aliyekufa. Nilitaka kuwaambia hivyo. Yuko Missouri City, ana afya yake, ana gauni zuri, na jana kabla taa hazijazimwa alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia katika ndoa yetu yote. Badala yake, kila aliyeinama kunishika mkono na kusema pole, nilimjibu nimeshapoa. Wakaimba. Wakasimulia alivyokuwa mkarimu, alivyokuwa wa kwanza kufika mtu akihama nyumba. Na mimi nikachangia. Nikasimulia tulivyokutana, nikasimulia vizuri mpaka wakalia.

Mama Glory alipeleka habari tu. Aliyemzika ni mimi, na chai nikawamiminia.

Sasa wameondoka. Kesho naingia zamu asubuhi na mapema, na kuna manesi wa kwetu pale wodini, kwa hiyo pole zitaendelea. Nimempigia Stella simu, hapokei. Nimeutoa mtandio kwenye gari, nikaukunja, nikaukunjua. Una harufu ya manukato nisiyoyajua.

Halafu nikasimama jikoni nikajaribu. Nikaita Stella. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Nikaita tena, safari hii ikatoka vizuri kabisa, kama mtu aliyezoea.

Hakuna aliyegeuka.