Maneno ya Kujaza Mdomo

4 Mei

Binti yangu,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika kaka zangu wote, mama yako, na yule daktari aliyesema sitamaliza mwaka. Mimi mzima kama chuma, goti tu ndilo linalojitia ukubwa. Nyie hamjambo?

Najifunza Kiingereza niongee na mjukuu wangu. Namshonea Mwalimu, jirani yangu, suruali, naye ananifundisha. Alitaka kuanza na “njoo” na “mlango”. Nikamwambia, mzee mzima nifundishwe maneno ya kunyonyea? Mimi nataka ya kujaza mdomo! Sasa ninayo: magnifisenti, nevathelesi, ekstraodinari. Mwalimu kanyoosha mikono.

Baba yako, fundi wa mafundi

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Goti limepoa? Sisi tunaendelea, ila sukari yangu inashuka ghafla, juzi nimeanguka jikoni. Tuko wawili tu huku ughaibuni. Mjukuu wako nimemfundisha kukupigia simu.

Baba nakuomba, jifunze maneno madogo. Ana miaka mitano. Kiswahili chake ni “shikamoo” tu, na humwamkia hata paka.

Binti yako

12 Julai

Binti yangu,

U mzima? Leo siulizi kwa mazoea.

Jana alasiri nilikuwa kwenye cherehani, simu ikalia. Mjukuu! Nikamwambia, magnifisenti! Kumbe analia. Akaongea mbio mbio, mimi nikashika “mami” tu. Nikasema nevathelesi. Nikasema ekstraodinari. Halafu akasema shikamoo. Nikaitika marahaba. Akasema tena shikamoo, shikamoo babu, kama mtu anayegonga mlango, mpaka simu ikakatika.

Nilikimbia kwa Mwalimu, goti hata sikulisikia. Hayupo, kaenda kliniki. Aliporudi tukapiga. Inaita tu. Leo pia inaita tu, ndiyo maana naandika.

Mwalimu kanifundisha usiku kucha. Fungua mlango. Ita jirani. Mama anapumua? Nayajua yote sasa, hata usingizini nayasema. Mwambie mtoto apige, nitamjibu.

Na asije mtu akasema babu yake alimkatia simu. Muulize Mwalimu namna alivyonikuta mlangoni kwake. Muulize mama muuza mkaa, alikuwa dukani anasubiri gauni lake. Alinisikia nikiitika marahaba, marahaba, na simu imeshakatika.

Baba yako