Notisi Iliyokuja Ndani ya Eda

Jumatatu, 2 Septemba

Wandugu wa mapambano, wapangaji wa leo na wafukuzwa wa kesho: paa juu ya kichwa ni haki kabla halijawa mali.

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya hotuba ya Ijumaa, kuhusu kodi za vyumba vya wanafunzi. Nimeiandika mara nne. Neno "wafukuzwa" bado linanikera sikioni. Nimeamka alfajiri, nimempashia mama maji, nimefagia ua, nimekaa kuandika. Ratiba ni ileile tangu baba afariki mwanzoni mwa Juni. Mama yumo edani: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumwoa. Mimi ndiye miguu yake.

Saa nne mtu mwenye kamera alisimama mbele ya nyumba yetu hapa Kiponda. Alipiga picha mlango, baraza, madirisha ya juu. Watalii hupiga picha milango. Huyu alipima na upana wa ukuta kwa hatua. Nilimuuliza anatafuta nini. "Kazi tu, dada." Ami Khamis, mdogo wake baba, alikuwa barazani. Hakumuuliza kitu. Aliinamisha macho.

Sikupenda.

Jumanne, 3 Septemba

Nimembana Ami. Kakiri. Barua za benki zipo, tano, zimo kabatini pamoja na miwani ya baba. Zote zina jina la baba. Hakuna iliyofunguliwa.

Sababu yake: karatasi za marehemu haziguswi mpaka warithi wote wakae pamoja, mtu asije akasema mwenzake kaficha. Kaka Idrisa yuko Maskati. Atakuja eda itakapokwisha. Ndivyo tulivyolelewa. Ni adabu, na ninaielewa. Leo nimeichukia.

Nimezifungua mwenyewe, mbele ya mama. Baba aliiweka nyumba rehani benki ili apanue duka lake la rangi na misumari pale Darajani. Hilo mama alilijua. Alitia saini ya ridhaa. Asilolijua ni kwamba baba alipougua aliacha kulipa. Barua ya kwanza inakumbusha. Ya pili inamwita kwenye mazungumzo. Ya tatu inampa nafasi ya kupangiwa upya marejesho. Ya nne ni notisi. Ya tano inataja siku: asipolipa wala kufika hadi Jumanne tarehe 17 Septemba, nyumba itauzwa kwa mnada.

Siku kumi na nne.

Barua ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Tulifunguliwa mlango, nasi tukaufungia kabatini.

Mama hakulia. Alizikunja upya, moja moja, kwa kufuata mistari yake ya mwanzo.

Jumatano, 4 Septemba

Hasira. Sina neno la adabu zaidi.

Nimeitisha kamati ya wanafunzi. Tumekubaliana: Jumatatu ijayo tutasimama na mabango mbele ya benki. Maneno ya mabango nimeyatunga mimi. "Nyumba si bidhaa." "Riba imemla baba, sasa inamla mjane." Hilo la pili nimelifuta. Baba aliuawa na figo.

Jioni mwenye kamera karudi. Ni dalali wa kujitegemea, kanusa habari. Anataka kuinunua nyumba kabla ya mnada, nusu ya thamani yake, fedha mkononi. Ami alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bora tuuze kwa heshima kuliko kutolewa kwa nyundo," kaniambia baadaye.

"Ami, heshima gani hiyo ya nusu bei?"

"Basi sema wewe yako, mwanasiasa. Una bei gani?"

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Alhamisi, 5 Septemba

Mama kaniamuru niende benki kwanza. "Kaseme nao. Kupiga kelele utapiga baadaye, hakuna atakayekuibia." Nimekwenda. Nimekwenda na hotuba.

Afisa wa mikopo ni mwanamke, Bi Neema. Wazazi wake walitoka bara, yeye kakulia Mwanakwerekwe. Nimesema robo saa nzima. Nimetaja mtaji, nimetaja udhalimu, nimetaja historia ya umiliki wa nyumba katika visiwa hivi. Hakunikatiza hata mara moja. Pumzi zilipoisha akauliza:

"Na mzee mwenyewe, mbona haji?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Juni."

Akaweka kalamu chini. "Dada, una robo saa hapa. Hilo ndilo la kuniambia ulipokaa."

Mkopo ulikuwa na bima. Kifungu kimo ndani ya mkataba, ukurasa wa nne: mkopaji akifa, bima inalipa deni lililobaki. Baba alikatwa malipo ya bima siku aliyochukua fedha. Benki haikujua kwamba amekufa. Kwao alikuwa mdaiwa mkaidi asiyejibu barua. Muda wa kudai haujapita.

Lakini malimbikizo ya miezi mitatu, aliyoyaacha wakati wa maradhi, bima haiyagusi. Na mnada hausimamishwi kwa maneno. Unasimamishwa kwa madai yaliyokamilika, yakapokelewa kwa maandishi, kabla ya tarehe 17.

Nimeona haya. Nimeona na mwanga. Vyote viwili kwa pamoja, mpaka nikakaa kwenye ngazi za benki kama mgonjwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Hotuba nimeitoa. Makofi mengi. Muda wote nilikuwa nikiwaza cheti cha kifo.

Hatuna. Tuna kibali cha mazishi tu. Baba alizikwa kabla ya Adhuhuri, mtaa mzima ulimwona akibebwa; nani angewaza kwamba kifo kile kingehitaji ushahidi mwengine?

Mabango nimeyaahirisha. Katibu wa kamati kasema nimenunuliwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya siasa nilikuwa na shughuli muhimu kuliko kujibu.

Jumatatu, 9 Septemba

Kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, saa moja na nusu asubuhi. Barua ya utambulisho wa familia. Kaiandika kwa mkono, polepole, akinisimulia namna baba alivyomkopesha rangi ya mlango na kukataa kulipwa. Nilitaka kumwambia aharakishe. Nikamsikiliza mpaka mwisho, na nimefurahi nilimsikiliza.

Kisha ofisi ya usajili. Fomu, nakala, kurudi kesho. Nimerudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Jumatano, 11 Septemba

Cheti kimetoka. Jina la baba limeandikwa sawasawa. Nimelisoma njiani, nikasimama, nikalisoma tena.

Usiku ukaja ugomvi. Fomu ya madai inataka saini ya mjane mbele ya afisa wa benki. Ami kasema mjane haendi benki. Nikamjibu kwamba wanazuoni wamemruhusu mjane kutoka mchana kwa dharura, na kwamba hakuna dharura kubwa kuliko kukosa nyumba ya kukalia hiyo eda. Nikaongeza mengine. Nikapandisha sauti.

"Chuo kimekufunza kusema," kasema Ami. "Kunyamaza kimetuachia sisi."

Mama akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Khamis, mwache mtoto. Na wewe Zuwena, mwache ami yako. Sitoki. Si kwa kuogopa watu. Nnazikaa siku za mume wangu, na nataka kuzitimiza. Lakini huyo bibi wa benki, na yeye yumo edani?"

Ami ndiye aliyeanza kucheka.

Sisi wawili tulikuwa tumegombana saa nzima juu ya nani atoke. Hakuna aliyewaza nani aingie.

Alhamisi, 12 Septemba

Bi Neema kasema inawezekana. Huwafuata wagonjwa majumbani, kwa nini wasimfuate mjane? Lakini meneja anataka ombi la maandishi.

Nimeliandika pale pale kaunta. Nusu ukurasa. Tarehe ya kifo, sababu ya mama kutotoka, tunachoomba, mwisho. Hakuna kivumishi hata kimoja. Sijapata kuandika kitu kifupi hivyo.

Meneja amekubali. Jumamosi, saa nne.

Jumamosi, 14 Septemba

Bi Neema amekuja. Kavua viatu bila kuambiwa. Ami kahamia baraza ya jirani ili njia iwe wazi, akajifanya anasoma gazeti ambalo najua ni la wiki iliyopita.

"Shikamoo mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nshapoa. Kaa hapa penye upepo."

Bi Neema alisoma fomu yote kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Mama alisikiliza huku kafumba macho. Walipofika mwisho, mama akaweka kidole juu ya mstari mtupu.

"Hapa hapajaandikwa kitu."

"Hapo ofisi itajaza baadaye, mama."

"Basi na mimi ntatia saini baadaye."

Bi Neema kamtazama. Kisha akachukua kalamu, akapajaza. Ilikuwa tarehe ya kupokelewa kwa madai. Tarehe ya leo. Mimi mwenye shahada karibu kukamilika nilikuwa nimeupita mstari ule mara mbili.

Malimbikizo yatalipwa kwa miezi sita, kutokana na kodi ya duka la Darajani, ambalo tumelipangisha kwa muuza mabomba. Nalo limeandikwa. Nikaomba nakala yenye mhuri. Mhuri ulikuwa mkobani mwake.

Mama kaleta halua na kahawa. "Benki haituruhusu kupokea zawadi, mama."

"Hii si zawadi. Hii ni njaa yako, naiona hapa nilipo."

Kala. Vipande vitatu.

Jumatatu, 16 Septemba

Sikukuu ya Maulidi. Ofisi zote zimefungwa. Kesho ndiyo siku iliyotajwa, na barua ya kusimamisha mnada hatujaipata. Nakala yenye mhuri ninayo chini ya mto. Nimeitoa kuitazama mara saba. Mhuri haukubadilika.

Kasida zinasikika tangu asubuhi. Mama anazifuatisha kwa midomo. Mimi sina utulivu hata wa kukaa.

Baada ya Laasiri yule dalali kapita, kanzu mpya, tabasamu. "Ami, mmefikiria?"

"Tumefikiria," kasema Ami. "Kichochoro ulichojia ndicho hicho hicho cha kurudia."

Nilikuwa dirishani. Nimempenda Ami kwa namna ambayo sitamwambia.

Jumanne, 17 Septemba

Saa tatu kasoro, simu. Bi Neema: barua ipo tayari, njoo.

Nimekimbia. Kiponda mpaka benki, pindo la baibui mkononi kama mtoto wa shule. Nimeisoma nikiwa nimesimama ukumbini, watu wakinipita. Mnada umesitishwa. Notisi imeondolewa hadi bima itakapotoa uamuzi. Saini, mhuri, tarehe.

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nilimwambia Bi Neema ahsante. Akasema, "Karibu. Safari nyengine uanze na mwisho."

Mama kaisoma mwenyewe, mara mbili, kaiweka kifuani, kasema alhamdulillahi kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha kalala. Mchana, mlango wazi, upepo unaingia. Sijamwona akilala mchana tangu Juni. Nimekaa kizingitini ili mtu asimwamshe.

Hakuna aliyekuja. Hakuna nyundo. Magharibi imeingia na nyumba ingali yetu.

Nimelia kidogo. Imenipoza.

Jumatano, 9 Oktoba

Bima imekubali. Deni limelipwa, isipokuwa yale malimbikizo. Fungu la kwanza tumeshapeleka. Hati ya nyumba itarudi mikononi mwetu fungu la mwisho litakapokwisha. Kaka Idrisa kapiga simu kutoka Maskati. Kauliza kama kuna barua nyengine tulizoziweka zimsubiri. Hakuna tena, nikamwambia.

Jioni kaja jirani yetu, Bi Shufaa. Katoa karatasi tatu ndani ya kanga yake. Mume wake yu hai, mzima, ila simu ya benki ikilia huenda msikitini. Kaniomba nimsomee. Kabla sijamaliza akaja mwengine, kisha dada yake huyo mwengine. Kumbe mtaa mzima una makabati.

Sikuhutubia. Nimewaambia machache ninayoyajua sasa. Barua isomwe siku iliyofika. Mtu aende benki angali anadaiwa mwezi mmoja, asingoje wa sita. Aseme lililomtokea kabla ya kusema linalomuuma. Aulize kama mkopo una bima, na asome inalipa nini. Asitie saini penye nafasi tupu; hilo ni la mama, nimemtaja. Ahadi yoyote iandikwe. Na asimuuzie mwenye haraka.

Bi Shufaa kataka nirudie lile la tatu, la kuanza na lililomtokea mtu. Nikalirudia.

Hawakutosha mkekani, na wengine wanataka kuja. Mama bado ana siku chache za eda, kwa hiyo ni hapa hapa: Jumamosi baada ya Laasiri. Wanawake ndani, Ami na wanaume barazani, dirisha la kati litakuwa wazi wasikie. Kila mtu aje na karatasi zake.